Siku tisa kati ya seva na wodi

Siku ya kwanza

Basi limeondoka alfajiri tukiwa wawili. Mwenzangu ni muuguzi aliyehudumu wodini miaka mingi kabla ya kuhamia kitengo cha takwimu. Mimi namwita Dada, naye ananiita Fundi. Mbele yetu kuna hospitali tatu: ya rufaa, ya kati, na ndogo iliyo mwisho wa barabara. Zote tatu zimekuwa na mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa kwa miaka kadhaa sasa. Hatuendi kufunga mpya wala kumshawishi mtu anunue chochote. Tumetumwa kuangalia unavyotunzwa.

Niliomba mwenyewe tuwe wawili. Fundi akienda peke yake huishia chumba cha seva, akarudi na ripoti ya diski bila kujua kwamba muuguzi wa zamu ya usiku anaandika dozi kwenye kiganja kwa sababu skrini inachukua dakika nzima kufunguka. Muuguzi akienda peke yake atakiona kiganja, ila hatajua skrini inalemewa na nini.

Njiani tumekubaliana swali moja la kuuliza kila tutakapofika: hiki ni cha nani? Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ni ya nani? Orodha ya dawa ni ya nani? Akaunti ya daktari aliyehama mwaka juzi, nani anaifunga? Katika kazi hii nimeona mifumo mizuri ikioza kwa sababu ya vitu vidogo ambavyo kila mtu alidhani vina mwenyewe.

Tumefika usiku, tumechoka.

Siku ya pili

Chumba cha seva cha hospitali ya rufaa kiko nyuma ya stoo ya mashuka. Kipimajoto ukutani kinasoma nyuzi 24, ndani ya kiwango cha 18 hadi 27 kinachopendekezwa kwa vyumba vya namna hii. Sakafu safi, kebo zimefungwa vizuri na kila moja ina lebo. Afisa TEHAMA ni kijana makini, na chumba kinamsemea.

"Bakapu zipo?" nimemuuliza.

"Zipo, kaka. Kila usiku saa 8."

Amefungua folda. Faili zimejipanga kwa tarehe, hakuna usiku uliorukwa. Kwenye daftari la mfumo kila mstari unasema kazi imekamilika. Nikamwomba tuchukue ya jana, tuirudishe kwenye kompyuta ya akiba, tuone wagonjwa wanatokea.

Hajawahi kufanya hivyo. Hakuna aliyemwambia afanye, na sikumlaumu.

Tumeketi sakafuni na ile kompyuta katikati yetu. Faili imefunguka kwa sekunde moja, na hapo moyo ukanishtuka, maana kumbukumbu za hospitali nzima hazifunguki kwa sekunde moja. Ndani hamna kitu. Tukarudi ya juzi, hamna. Ya wiki iliyopita, hamna. Tumerudi nyuma miezi mitano ndipo tukakuta faili yenye uzito.

Ilitokea hivi. Miezi mitano iliyopita mfumo ulisasishwa, na wakati huo neno la siri la hifadhidata likabadilishwa. Ile amri ya usiku haikupewa neno jipya. Kila saa 8 programu ya kutoa data ilikuwa ikikataliwa mlangoni. Lakini kazi hiyo imeunganishwa na programu ya kubana faili, nayo ilifanya kazi yake kwa uaminifu: ilibana utupu, ikaripoti mafanikio. Ripoti iliyokuwa ikisomwa kila asubuhi ni ya hiyo programu ya pili.

Kijana ameshika kichwa. "Lakini diski zetu zinaakisiana, kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye nyingine," akasema. Ni kweli, na hilo humwokoa mtu diski moja inapokufa. Halimwokoi mtu aliyefuta jedwali kwa bahati mbaya, wala hospitali iliyoingiliwa na wahalifu wanaofunga data, kwa sababu kioo huakisi uharibifu papo hapo kama kinavyoakisi mengine.

Tumefanya kazi hadi usiku. Amri imeandikwa upya ili isimame na kupiga kelele hatua yoyote inaposhindwa. Sasa nakala ni tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja inatoka nje ya jengo, tena inatoka ikiwa imesimbwa, asiye na ufunguo asiweze kuisoma. Hiyo ni kanuni ya zamani, na sijaona bora yake. Kisha nikamwomba jambo moja: kila Jumatano arudishe nakala kwenye ile kompyuta ya akiba na aandike namba tatu. Wagonjwa wako wangapi, wa mwisho alisajiliwa lini, na dawa ya mwisho iliandikwa saa ngapi. Namba hizo azilinganishe na mfumo wenyewe. Ameziandika ubaoni kwa maandishi makubwa, na chini yake akaandika jina lake.

Siku ya tatu

Leo Dada ameongoza. Tumekaa masjala tangu foleni ya kwanza.

Karani anamtafuta mgonjwa kwa jina. Jina hilo lina tahajia tatu, majibu ni ishirini na kitu, foleni inasogea mlangoni. Mgonjwa hana kadi. Karani anafanya ambacho yeyote angefanya: anafungua faili jipya. Hivyo ndivyo mtu mmoja anavyokuwa wawili.

Tumetoa orodha ya wagonjwa wenye majina yanayofanana na tarehe ya kuzaliwa ileile. Imejaa watu waliozaliwa Januari 1, kwa sababu asiyejua tarehe yake huandikiwa hiyo. Mama mmoja ana mafaili mawili. Katika moja imeandikwa kwa rangi ya tahadhari kwamba penisilini inamdhuru. Katika la pili, lililofunguliwa mwaka mmoja baadaye, sehemu ya mzio iko tupu. Daktari aliyemwona mwezi uliopita alifungua la pili.

Hamu ya kwanza ni kuyaunganisha yote kwa amri moja. Dada amekataa katakata, na yuko sahihi. Mafaili mawili ya mtu mmoja ni hatari, ila watu wawili waliounganishwa kuwa mmoja ni hatari zaidi, kwa kuwa damu ya mmoja na dawa za mwingine zinachanganyika na baadaye hakuna anayejua kipi ni cha nani. Ametuonyesha jozi moja: jina lilelile, Januari 1 ileile, kijiji kilekile. Tulikuwa tayari kuunganisha. Yeye akafungua kumbukumbu za uzazi. Mmoja alijifungua kwa upasuaji siku ambayo mwenzake alikuwa amelazwa wodi nyingine na malaria.

Kwa hiyo kazi ya kuunganisha imepewa mtu mmoja wa kumbukumbu, anayethibitisha kwa alama zisizopungua tatu, na mfumo umewekwa uweze kutengua muungano ukigundulika kuwa na kosa. Na karani amepewa utafutaji unaosikiliza sauti ya jina badala ya herufi zake tu, pamoja na jina la mama na namba ya simu. Tumebaki dakika arobaini kutazama. Amefungua faili jipya mara mbili tu, na wote wawili walikuwa wageni kweli.

Siku ya nne

Maabara. Nilidhani tungemaliza kabla ya adhuhuri.

Mtaalamu wa maabara ana kikokotoo kando ya mashine ya kupima sukari. Kila jibu likitoka analigawa kwa 18, analiandika kwenye karatasi, ndipo analiingiza kwa mkono. Nimemuuliza kwa nini, ilhali mashine imeunganishwa na mfumo na majibu yanaingia yenyewe.

"Niliikata ile kebo," amesema. "Ilikuwa inaua."

Mashine ya zamani iliharibika, ikaletwa mpya. Ya zamani ilisoma kwa milimoli kwa lita, kama madaktari wote hapa wanavyosoma. Mpya ilitoka kiwandani ikisoma kwa miligramu kwa desilita. Mgonjwa aliyefunga akisoma 7.0 kwa kipimo cha kwanza, ambao ndio mpaka wa kisukari, kwa kipimo cha pili anasoma 126. Mfumo ulipokea 126 ukaiweka kwenye kisanduku kilichoandikwa milimoli. Ulipokea namba tupu, haukuuliza ni ya kipimo gani. Daktari wa zamu alikuwa ameshaanza kuandika insulini alipotazama tena na kushangaa kwamba mgonjwa mwenye sukari 126 yuko amesimama anaongea na simu.

Kosa la sukari hujitangaza. Ninaloliogopa ni lile la kimyakimya. Kipimo cha figo kinaweza kutolewa kama urea, taka inayochujwa na figo, au kama nitrojeni ya urea, yaani nitrojeni tu iliyomo ndani yake, vyote kwa miligramu kwa desilita, na cha kwanza ni kikubwa kuliko cha pili mara 2.14. Namba zote mbili zinaonekana za kawaida. Hakuna daktari atakayeshtuka.

Dawa yake ipo, nayo ni ya kale kuliko mfumo huu. LOINC, orodha ya misimbo ya vipimo iliyoanzishwa mwaka 1994 na Regenstrief Institute, inatenganisha mambo haya: sukari ya plazma iliyopimwa kwa uzito ni 2345-7, iliyopimwa kwa moli ni 14749-6. Jibu likisafiri na msimbo wake na kipimo chake, mfumo unaweza kulikataa lisipolingana. Hapa misimbo iliwekwa siku ya kwanza ya mfumo na haikuguswa tena. Mashine ilipobadilishwa, fundi wa mashine aliona kazi yake imekwisha, na fundi wa mfumo hakujua kwamba kuna mashine mpya.

Kubadilisha mpangilio kumechukua dakika nne. Kilichochukua siku nzima ni majibu ya siku zile kabla kebo haijakatwa. Hatukufuta hata moja. Kila jibu limesahihishwa mbele ya mtaalamu mwenyewe, la awali likabaki likionekana chini yake na sababu ya masahihisho, na daktari wa kila mgonjwa akapigiwa simu. Kumbukumbu ya mgonjwa ni ushahidi. Aliyetibiwa kwa namba yenye kosa ana haki ya namba hiyo kubaki.

Jioni tumegundua pia saa ya mashine nyingine iko nyuma kwa dakika 40, kwa hiyo majibu yanaonekana kutoka kabla damu haijachukuliwa. Tumeziunganisha saa zote na seva moja ya muda. Yule mtaalamu amekubali kurudisha kebo, lakini kwanza amepitisha sampuli kumi na kuzilinganisha kwa kikokotoo chake, moja moja. Nimependa sana.

Siku ya tano

Mvua na barabara. Saa tisa garini kwa mwendo wa saa tano.

Siku ya sita

Hospitali ya kati. Muuguzi kiongozi ametupokea kwa ukarimu, akatuonya mapema: "Msiguse chochote, wanangu. Mara ya mwisho waliposasisha, famasia ilisimama siku nzima."

Hofu hiyo ina sababu. Lakini tangu siku hiyo hakuna sasisho lililowekwa, imepita miaka miwili. Nimewasimulia kuhusu Mei 12, 2017, siku WannaCry, programu ya wahalifu ya kufunga data, ilipozifungia kompyuta hospitali nyingi za Uingereza na maelfu ya miadi yakafutwa. Rekebisho la tundu ilimopenyea Microsoft walikuwa wamelitoa tangu Machi. Na Mei 14, 2021, huduma ya afya ya Ireland ilishambuliwa vivyo hivyo, ikalazimika kuzima mifumo yake yote nchi nzima. Wahalifu waliwapa ufunguo wa kufungulia data ndani ya siku chache, lakini kazi ya kuzirudisha seva zote iliendelea hadi Septemba.

Jibu la hofu yao tulikuwa nalo tayari kutoka hospitali ya kwanza. Nakala iliyorudishwa kwenye kompyuta ya akiba ni uwanja wa mazoezi. Sasisho liwekwe hapo kwanza. Mfamasia aje mwenyewe atoe dawa za kujaribu, karani asajili mgonjwa wa kubuni, maabara itume jibu. Kikivunjika kitu, kimevunjikia pembeni. Nimesisitiza tu kwamba kompyuta hiyo ina siri za wagonjwa halisi, kwa hiyo ifungwe kama seva yenyewe.

Wodini tumekuta karatasi chini ya kibodi: jina moja la kuingilia na neno moja la siri, wanatumia wauguzi wote. Afisa utawala wa hospitali, aliyekuwa nasi, alitaka kukemea. Dada akauliza muuguzi mpya anapata akaunti yake baada ya muda gani. Wiki tatu. Na wiki hizo tatu agawe dawa kwa jina la nani? Akaunti zikipatikana siku mtu anaporipoti, na zikifungwa siku anapoondoka, karatasi haitakuwa na kazi. Ofisi ya utumishi imekubali kutuma orodha ya wanaoingia na wanaotoka kila Ijumaa. Ilikuwa haijawahi kuombwa.

Mchana nimeketi nyuma ya daktari mmoja kwa idhini yake. Kila anapoandika dawa, dirisha la onyo linachomoza. Anakifunga kidirisha kidole kikiwa tayari mahali pa kubofya kabla maneno hayajatokea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta madaktari wakiyapita maonyo ya dawa kwa asilimia 49 hadi 96, kwa hiyo si tabia ya daktari huyu. Onyo moja lilimwambia parasetamo inarudiwa. Lilikuwa na haki, kwa sababu kwenye orodha ya dawa ya mfumo parasetamo ipo mara tisa, kwa vifupisho, kwa majina ya biashara, nyingine kwa tahajia yenye kosa. Onyo la nane lilihusu dawa mbili zinazoweza kusimamisha moyo zikikutana. Nalo amelifunga, kisha akasita, akarudi. Alirudi kwa sababu mimi nilikuwa nimeketi pale. Hilo limenikosesha usingizi.

Mfamasia amekubali kuwa mwenye orodha ya dawa. Yeye na madaktari wawili watakutana kila mwezi kupunguza maonyo, wabakize yale ambayo mtu akiyaona lazima asimame.

Siku ya saba

Hospitali ndogo. Seva moja, vitanda vichache, hakuna afisa TEHAMA kabisa.

Na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Mtunza kumbukumbu, mzee wa karibu kustaafu, ana daftari la mkono kando ya seva. Kila badiliko limo: tarehe, nani alibadilisha, kwa nini, na jinsi ya kulirudisha. "Neno la siri la printa limebadilishwa, lipo kwenye bahasha ya matroni." "Betri za akiba zimewekwa mpya; zitazamwe baada ya miaka mitatu." Betri za aina hiyo hudumu miaka mitatu hadi mitano, na nyingi nilizokutana nazo zimekufa zamani huku taa yake bado ni ya kijani.

"Shikamoo mzee, nani alikufundisha hivi?"

"Marahaba. Hakuna. Nilikuwa mtunza mafaili ya karatasi. Faili likitoka kwenye rafu, huandikwa limekwenda wapi."

Nimepiga picha kurasa sita kwa ruhusa yake, kurasa zisizo na jina la mgonjwa. Hospitali ya rufaa ina programu ya kufuatilia mabadiliko, nayo ina kurasa tupu.

Tatizo lao ni jingine: umeme na mtandao vikikatika, hawajawahi kupanga wafanye nini. Tumekubaliana tufanye zoezi kesho.

Siku ya nane

Saa 4 kamili asubuhi, kila mtu akiwa ameshataarifiwa na wagonjwa mahututi wakiwa na muuguzi wa ziada, matroni ametangaza kwamba mfumo haupo kwa saa mbili. Tumezima.

Sanduku la dharura limefunguliwa. Fomu zipo, ila hazina mahali pa namba ya mgonjwa. Orodha ya waliolazwa na dawa zao, inayopaswa kuchapishwa kila baada ya saa nne, ilikuwa ya jana. Mtoto mmoja alilazwa usiku na hayumo. Muuguzi alimpima uzito upya, akakokotoa dozi kwa mkono, mwenzake akakokotoa tena pembeni bila kutazama jibu la kwanza. Hawa watu wanajua kazi yao. Karatasi ndiyo haikuwa tayari kwa ajili yao.

Hatari kubwa ilikuja mfumo uliporudi, saa 6. Muuguzi alikuwa amechoma antibayotiki saa 4:40 na kuandika kwenye fomu. Skrini ilipowaka, dozi ile ilionekana nyekundu, kwamba haijatolewa na muda umepita. Muuguzi wa zamu inayofuata alikuwa ameshachukua bomba la sindano. Dada alimshika mkono kwa upole, akamwonyesha fomu.

Tumesimama pale kitandani muda mrefu tukilijadili, matroni, mzee wa kumbukumbu, wauguzi wanne. Uamuzi wao, kwa maneno yao wenyewe: mfumo ukirudi, hakuna anayegawa dawa hadi fomu za wodi ziwe zimeingizwa zote, kwa saa halisi ambayo dawa ilitolewa, na matroni atie saini. Mpaka hapo karatasi ndiyo kumbukumbu. Mzee ameliandika daftarini, kisha akachora upya fomu, mahali pa namba ya mgonjwa pakiwa juu kabisa.

Siku ya tisa

Jumatano. Tunarudi. Dada amelala, kichwa dirishani. Mimi naandika haya gari likiruka mashimo.

Saa 5 na robo simu imelia. Ni yule kijana wa hospitali ya rufaa. Hakuandika salamu, ameandika namba tatu tu: idadi ya wagonjwa, msajiliwa wa mwisho, dawa ya mwisho jana saa 1:52 usiku. Nimeketi nazitazama. Baada ya dakika chache ukaja ujumbe wa pili.

"Kaka, namba ya kwanza iko tofauti na mfumo kwa mgonjwa mmoja. Namtafuta."

Nusu saa baadaye: "Nimempata. Amesajiliwa leo asubuhi, baada ya bakapu."

Nimemwamsha Dada asome.